Mwisho wa Kuhama ni Saa Kumi

Ofisini kwetu mteja hakuwa anakimbia. Ulimboka, mwenye kampuni, alipiga marufuku neno hilo. Mtu akikata huduma yetu na kwenda kwingine, tuliambiwa tuseme amehama, kwa sababu aliyehama anaweza kurudi, lakini aliyekimbia ni kwamba ameona jambo. Nilimcheka siku aliyotupa amri hiyo. Nilimwambia angepewa kazi redioni.

Kampuni yenyewe ilikuwa ndogo kiasi kwamba wafanyakazi wote tungeweza kupanda pikipiki moja, na siku nyingine tulipanda. Alikuwepo Ulimboka. Alikuwepo Ditram, mume wangu, fundi wa kupanda milingoti, aliyesoma chuo kimoja na Ulimboka kule Morogoro, ndiyo maana bosi wangu nilimwita shemeji. Na nilikuwepo mimi, Hildegarda, wa kupokea simu na kutukanwa na watu ambao waya wao umetafunwa na panya. Tulipanga chumba nyuma ya stesheni ya zamani ya Kilosa. Mnara wetu ulikuwa kilimani juu ya mji, na kutoka pale tulirusha intaneti kwa antena, kilima hadi kilima, mpaka Kilangali, mpaka Rudewa, na upande wa kusini mpaka kwenye hoteli za watalii Mikumi.

Rudewa ndiko kulikotutoa jasho. Kati yetu na kule kuna miti iliyoota yenyewe kwenye shamba la zamani la mkonge, na antena haioni kupitia miti. Mahali pekee palipoinuka palikuwa bomani kwa mzee Koileken, mfugaji wa Kimasai, ndani kabisa ya mbuga ya malisho. Tukaenda kuongea naye. Akakubali tusimike mlingoti pale, na sola na betri, na sisi tukakubali familia yake itumie intaneti bure. Binti yake Naserian, aliyemaliza kidato cha nne, akawa msimamizi wetu. Intaneti ikianza kukwama nampigia, namwambia zima, washa, na tunaishia kusimuliana habari za watoto.

Kwa hiyo kila wimbo, kila picha ya harusi, kila bei ya mahindi iliyowafikia wakulima wa Rudewa ilipita kwanza bomani kwa mfugaji. Mtu wa Kilosa hahitaji kuelezwa maana yake. Ng'ombe wameingia shambani, shamba limeziba njia ya ng'ombe, na kwa mambo hayo watu wamezikana. Lakini intaneti ilipita, na mimi nilijivunia hilo kimoyomoyo kuliko nilivyowahi kumwambia mtu.

Kisha Mzee Mwinshehe akaleta madishi. Ni kitu cheupe, bapa, kama sinia la pilau. Unaliweka juu ya bati, linatazama mbinguni, setilaiti zinapita huko juu, basi, umemaliza. Hakuna mlingoti, hakuna kilima, hakuna Ditram. Aliyauza dukani kwake Rudewa, duka la mwisho kabla mbuga haijaanza, na tangazo lake lote lilikuwa sentensi moja: "Yangu inatoka juu, haipiti bomani kwa mtu." Watu walicheka, na baada ya kucheka wakanunua. Hoteli za Mikumi nazo zikafuata, kila moja kwa barua pepe ya heshima sana.

Niliogopa. Sioni sababu ya kulipamba. Kila asubuhi nilifungua kompyuta nikakuta nukta za kijani zimepungua, na kila nukta ilikuwa paa la mtu niliyemjua kwa sauti. Mimi na mume wangu tulikula sahani moja kutoka chungu kimoja, na chungu chenyewe kilikuwa kinavuja. Ulimboka aliacha kula mchana. Alisimama nje mikono kiunoni, akitazama juu, kama kuna mtu huko anayemfahamu na anataka ashuke wayamalize.

Siku yenyewe ilikuwa ya masika, mawingu yamekaa chini. Asubuhi meneja wa hoteli kubwa ya mwisho tuliyobaki nayo Mikumi alipiga simu kusema nao wanahama. Ulimboka alisikiliza, akasema asante, akaweka simu mezani taratibu mno. Halafu akaichukua tena na kuanza kuandika kwenye grupu la wateja wa Rudewa. Kwa kawaida aliniletea kwanza nimpozee maneno, maana kalamu yake ina pilipili. Siku ile hakuniletea. Niliusoma ujumbe ukiwa umeshatumwa:

"TAARIFA YA MWISHO. Wengi wenu mnahama, hatumshiki mtu. Wanaohama wahame na kukabidhi kabla ya saa kumi jioni ya leo. Baada ya saa kumi tutakuja na watu wetu kuondoa kila kilichobaki. Tusilaumiane."

Alimaanisha antena zetu. Zilikuwa mali ya kampuni, tulizifunga juu ya mapaa ya wateja, na aliyeacha huduma alitakiwa kuzirudisha. Watu wa grupu walielewa vizuri tu. Elikana, mteja wa utani mwingi aliyewahi kunichumbia kwa simu mbele ya mke wake, alijibu: "Watu wenu ni akina nani, si ni Ditram peke yake?" Wengine wakamwaga vicheko.

"Shemeji, ungeandika hata jina la kampuni," nilimwambia.

"Wanatujua," akasema, akatafuta funguo za gari. Alikuwa anakwenda Mikumi kumpigia meneja magoti. Ditram naye aliwasha pikipiki kwenda kwa Koileken, kwa sababu betri ya kule ilikuwa imechoka. Alisema atarudi kula.

Kabla ya adhuhuri, nukta ya Koileken iligeuka nyekundu, na nyuma yake Rudewa yote. Sikushtuka. Nilijua Ditram amezima ili abadilishe betri. Nilikaa nikisubiri, nikamenya machungwa, nikaangalia tena. Nyekundu. Nilimpigia Ditram, hapatikani, na hilo nalo lilikuwa la kawaida. Kijijini Rudewa simu zinashika kwa kusuasua, lakini kule mbugani hazishiki kabisa. Mlingoti wetu ndio uliokuwa mdomo na sikio la boma lile.

Aliyenipigia ni shangazi yangu, anayelima Rudewa, shamba lake likipakana na mbuga.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Hilda, ninyi mlioko mjini mmesikia nini?"

"Kuhusu nini?"

"Wamasai wanaondoka. Wanawake wanapakia punda, nawaona kwa macho yangu kutoka hapa shambani. Watoto wameshavushwa mto. Katikati ya mvua, Hilda, majani tele! Nani anahama wakati wa majani? Na wanaume hawajaondoka. Wanaume wamebaki."

"Labda wana shughuli."

"Shughuli gani ya kuwaondoa watoto? Huku watu wanasema wanawatoa wanawake ili wapate nafasi ya kutuvamia. Filimbi za hatari zinapulizwa tangu walipoanza kupakia. Vijana wamechukua mapanga, wako kwenye njia ya ng'ombe." Alishusha sauti. "Mumeo yuko wapi?"

"Yuko kwa Koileken."

Nilimsikia akitafuta kitu kwenye simu.

"Basi ngoja nikutumie kitu kinachozunguka huku," akasema. "Wewe umesoma, uniambie kama ni cha serikali."

Ukaingia ujumbe. Juu yake palikuwa na vile vimshale viwili na maneno kwamba umesambazwa mara nyingi. Chini yake: taarifa ya mwisho, wanaohama wahame, saa kumi jioni, tutakuja na watu wetu kuondoa kila kilichobaki. Hakuna jina la kampuni. Hakuna jina la grupu. Hakuna kicheko cha Elikana. Mtu mmoja aliutoa kwenye grupu letu akamtumia mwenzake, labda kwa kutania, na mwenzake akamtumia mwingine, na kila ulipopita uliacha nguo zake mpaka ukabaki uchi.

Nikausoma tena, safari hii kwa macho ya Naserian. Koileken si mteja, ni mwenyeji wetu, kwa hiyo hakuwa kwenye grupu. Ujumbe ulimfika kutoka kwa ndugu zake, wameshaogopa, na ulimfika kupitia mlingoti wetu wenyewe. Kwetu sisi kuhama ni kubadilisha kampuni huku umekaa kwenye kochi. Kwa Koileken kuhama ni kubomoa, kupakia, kuita watoto kwa majina na kuhakikisha wote wameitika. Aliwahi kunisimulia kwamba amehamishwa zaidi ya mara moja maishani mwake, na kila mara ilianza na tangazo fupi lenye saa ndani yake.

Tutakuja na watu wetu kuondoa kila kilichobaki. Naserian amemaliza kumsomea baba yake maneno hayo, wanainua macho, na mume wangu yuko juu ya mlingoti na spana mkononi, anaondoa vitu.

Niliivuta simu mezani. Machungwa yalianguka na sikuyaokota.

Ulimboka alipokea simu akiwa kwenye maegesho ya ile hoteli. Nilimweleza kwa pumzi moja. Swali lake la kwanza lilikuwa: "Nani kausambaza?"

"Hilo si swali la leo, shemeji! Ditram yuko kule!"

"Nafuta. Nafuta sasa hivi."

Akafuta. Kwenye grupu pakatokea yale maneno, kwamba ujumbe huu umefutwa, na hapo ndipo moto ulipopata petroli. Kabla hata sijamjibu, mtu aliandika kuuliza mbona umefutwa. Mwingine akaandika kwamba kumbe ni kweli, wanaficha. Shangazi akanitumia jingine lililokuwa linazunguka kijijini: tangazo limefutwa ili Wamasai wasijue saa. Niliona mbele ya macho yangu uwongo ukizaliwa na kuanza kutembea.

Ulimboka akapiga. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayemwomba mwenzake kwa siri. "Hilda, nisikilize. Usiseme popote kwamba ni wetu. Ikijulikana kuwa sisi ndio tulioleta vurugu hii, tumekwisha. Hakuna atakayebaki hata mmoja. Nimeweka maisha yangu pale."

"Na Ditram?"

"Ditram ni mtu mzima. Koileken anamfahamu."

Nilimchukia. Nilimchukia shemeji yangu, bosi wangu, mtu aliyetoa kondoo kwenye harusi yetu, na ile chuki ilinisaidia kusimama. Nilikata simu. Kama Koileken anamfahamu Ditram, ndiyo hatari yenyewe: anamfahamu kama mtu wa kampuni, na kampuni imesema inakuja na watu wake.

Nilifikiria polisi. Nikafikiria gari la polisi likiingia mbugani kabla ya saa kumi, na Koileken akilitazama likija. Hapana. Nilihitaji sauti tu, ifike pale, ya mtu anayejulikana pale. Mlingoti ulikuwa umekufa. Kilichobaki angani juu ya mbuga ile kilikuwa kile kile tulichokilaani kila asubuhi.

Namba ya Mwinshehe niliipata kwenye tangazo lake.

"Shikamoo mzee. Naitwa Hildegarda, wa ofisi ya mlingoti, Kilosa."

"Marahaba." Nilisikia milango ya bati ikivutwa. "Leo mmeamua kunitukana moja kwa moja?"

"Mzee, ule ujumbe wa kuhama ni wetu."

Mlango ukanyamaza. "Unasemaje?"

"Ni wetu. Tuliwaandikia wateja wanaohamia kwako. Ni antena tulizotaka, si watu. Hakuna serikali, hakuna anayekuja. Wamasai wamedhani wanafukuzwa, na ninyi mmedhani mnavamiwa. Na mume wangu yuko bomani." Hapo kilio kikanishinda, nikalia kwenye simu ya mtu niliyemwita mwizi mwaka mzima.

Alingoja nimalize. "Unataka niende nikawaambie? Mimi? Mimi ndiye niliyesema yangu haipiti bomani kwa mtu. Kule wananijua kwa sentensi hiyo, binti."

"Usiseme chochote. Beba dishi na betri kwenye pikapu lako, nenda mpaka pale wanapokuona, uliwashe. Mpe Naserian simu. Ananijua sauti yangu."

"Unajua unaniomba nini? Vijana wa hapa wakiniona naelekea kule watasema nawauza. Wa kule wakiniona nabeba mtambo..."

"Mzee, saa kumi inakaribia."

"Saa kumi kuna nini? Si umesema hakuna kitu?"

"Hakuna kitu. Lakini wao wanaingoja, na wa kwenu wanaingoja. Ikifika wataifanya iwepo."

Akavuta pumzi ndefu. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa imezeeka. "Basi anza wewe. Sema kwa sauti yako, kwa jina lako na jina la kampuni, uweke kila mahali. Hawa vijana wakusikie kabla sijapita mbele yao. La sivyo sitoki."

Nikarekodi. Nilisema naitwa nani, nafanya kazi wapi, nani aliandika na alimaanisha nini. Nilisema tunaomba radhi. Nilijua ninachokifanya: kila mtu wilayani atasikia kwamba kampuni ya mlingoti ilitaka kuua watu kwa kukosa adabu ya kuandika, na atakayebaki nayo baada ya hapo ni kichaa. Nikabonyeza, ukaenda. Shangazi aliniambia baadaye kwamba vijana walipousikia wengine walicheka na wengine wakasonya, lakini waliliachia pikapu lipite.

Halafu nikabaki na simu mkononi. Sijui nilikaa muda gani. Treni mpya ilipita, nikaichukia kwa kelele zake. Nilimwahidi Mungu mambo ambayo siwezi kuyatimiza.

Simu ililia kwa video, namba ya Mwinshehe. Uso wa Naserian ukajaa kioo, macho mekundu, shuka kichwani.

"Dada Hilda."

"Naserian. Ditram yuko wapi?"

Akageuza simu, na nikamwona mume wangu amekaa chini, mgongo kwenye ua wa miiba, amevuliwa viatu. Kando yake amesimama kijana mwenye sime ambayo haikuwa alani. Ditram alitazama simu na hakuthubutu kutikisa hata kichwa. Nilimwona kila unywele.

Picha ikahama, akaingia mzee Koileken.

Ulimi ulitaka kumwomba, kumpigia kelele, lakini nilijizuia. "Shikamoo baba."

Akanitazama. Nyuma yake ng'ombe walilia. Nilihesabu kwamba asipoitika, nimeshakuwa mjane.

"Marahaba," akasema.

Nikamweleza. Naserian alirudia maneno yangu kwa Kimasai, polepole, na alipofika kwenye kuhama alilitamka kwa Kiswahili, kwa sababu hapo ndipo penye shida yote. Mzee aliuliza kitu.

"Anauliza, ninyi mtu akinunua kwa mwingine mnasema amehama?"

"Ndiyo, baba."

"Anauliza, anahama na nini?"

Mtu anahama na nini? Na simu yake tu. "Na hakuna, baba. Hahami na chochote."

Koileken akazungumza mwenyewe, kwa Kiswahili chake kizito. "Hakuna mtu anakuja?"

"Hakuna."

"Leo hakuna. Kesho?"

"Hakuna, baba. Rudisheni wanawake na watoto. Hakuna mtu anayekuja."

"Unaapa?"

"Naapa."

"Kwa nani?"

"Kwa huyo aliyekaa hapo chini," nikasema. "Naapa kwa mume wangu."

Akamtazama Ditram, akasema neno moja, na kijana akairudisha sime alani. Ditram alirushiwa viatu vyake. Lakini mzee aliweka mkono juu ya lile dishi jeupe lililokuwa nyuma ya pikapu. "Hiki kinabaki. Nikiona watu wangu wote wamerudi na hakuna mtu amekuja, mtachukua." Mwinshehe, ambaye sikumwona bali nilimsikia, alisema sawa mzee, sawa, haraka haraka.

Ditram alirudi nyumbani matope mpaka magotini. Saa kumi ilimkuta njiani, ikapita, hakikutokea kitu. Alikaa ukumbini bila kuvua koti, na nilipomshika mkono ulikuwa wa baridi. Ulimboka alikuja jioni, akasimama mlangoni. Hakunilaumu. Alisema Mikumi wamekataa, akasema Rudewa karibu wote wameshatoa taarifa ya kuacha huduma, akamwomba Ditram msamaha na Ditram akamgeuzia mgongo. Mimi nilimwona kama mtu wa mbali. Nilikuwa na mume wangu ndani ya nyumba, anapumua, na nililala nimemshika shati.

Asubuhi Naserian akapiga kwa video. Nilipokea nikitabasamu, nikidhani ananiambia watoto wameshafika.

Walikuwa wameshafika. Niliwaona nyuma yake, wamejibana kwa mama zao kando ya punda ambao bado walikuwa na mizigo. Picha ilikuwa safi, safi kuliko yoyote iliyowahi kupita kwenye mlingoti wetu. Haikukwama, haikukatika. Niliona umande kwenye miiba ya ua.

"Dada Hilda," Naserian akasema, "ulisema hakuna mtu anayekuja. Hawa ni nani?"

Akageuza simu. Ndani ya boma, na nje yake kuelekea kwenye malisho, watu wa Rudewa walikuwa wanavuta kamba za kupimia. Wengine walipigilia vigingi. Jana waliona boma limebaki na wanaume tu, na asubuhi wakaja kugawana ardhi. Walikuwa wengi, na mapanga yao yalikuwa mikononi kana kwamba ni ya kufyekea tu. Mbele yao alisimama Elikana, yule mteja wangu wa utani. Alikuwa anamsomea Koileken kutoka kwenye simu yake, kwa sauti ya kutangaza: wanaohama wahame kabla ya saa kumi jioni.

"Saa kumi ya jana imepita, mzee," akasema. "Tangazo ni hili. Mbona mmerudi?"

"Elikana!" nikapiga kelele. "Elikana, ni mimi, Hilda! Unajua ule ujumbe ni wa antena! Ulitania wewe mwenyewe!"

Alisikia. Aligeuka akatazama simu mkononi mwa Naserian, na hakucheka. "Jana mliandika wahame, mkafuta, mkasema wasihame," akasema. "Sisi tumeshika la kwanza."

Koileken hakunitazama. Alikuwa anatazama watu wake waliokuwa nyuma yake, mmoja mmoja, na vijana wake walikuwa wanasogea pande mbili za ua bila kuambiwa. Mwanamke mmoja alianza kuwasukuma watoto kuelekea mtoni.

"Waambie, dada," Naserian akasema. "Sema kama ulivyosema jana." Akaiegemeza simu kwenye mzigo wa punda, ikitazama uwanja wote, akaondoka kumfuata baba yake.

Ditram alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilimsikia akiomba. Mimi niliisogeza simu mdomoni na kusema hakuna mtu anayekuja, naapa, naapa, nikaendelea kusema kwa nguvu zangu zote, na pale uwanjani hakuna hata mmoja aliyegeuka.